Ueno: Kilima cha Vita Kilichogeuka Bustani ya Watu

Msafiri ateremkaye garimoshi katika stesheni ya Ueno, mjini Tokyo, akipanda ngazi za mawe zilizo upande wa kusini wa kilima, wa kwanza kumlaki ni mtu wa shaba. Ni jibaba la mtu, shingo nene, tumbo mbele, amevaa joho fupi la nyumbani na makubadhi ya majani makavu, na mkononi ameshika kamba ya mbwa. Hakupanda farasi, wala hana nishani kifuani. Usipoambiwa utadhani ni mzee wa mtaa aliyetoka kupunga upepo baada ya alasiri.

Kumbe huyo ni Saigo Takamori, mmoja wa majemadari wakubwa wa Japani wa karne ya kumi na tisa. Sanamu hiyo ilifunuliwa mwaka 1898, na yasemekana mjane wake alipoiona alihamaki, akasema mumewe hakuwa mtu wa kutoka nje na mavazi ya namna ile. Lakini ajabu hasa haiko mbele ya sanamu, iko nyuma yake. Hatua chache tu kutoka mgongoni mwa jemadari kuna kaburi la wapiganaji waliouawa na askari wake yeye mwenyewe, juu ya kilima hicho hicho. Mshindi na walioshindwa wamekaa pamoja, na baina yao watoto wanapita na aiskrimu mikononi.

Basi bustani yenyewe ndiyo hiyo, Ueno. Ukubwa wake ni hektari 53 hivi, yaani zaidi ya ekari 130, katikati ya mji ambao ardhi yake ni ghali kama dhahabu. Kuingia hakulipiwi. Ndani yake mna makumbusho, bustani ya wanyama, mahekalu, ziwa na mamia ya miti ya maua. Watu huiita mahali pa starehe, na ni kweli. Ila mimi nikisoma tarikhi yake naona jambo jingine. Ardhi hiyo imeponea chupuchupu mara nyingi kuchukuliwa na wakubwa, na kila msiba ulioushukia mji wa Tokyo, waliokosa pa kwenda walikwenda Ueno.

Hapo kale, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Edo, nchi ilitawaliwa na majemadari wa ukoo wa Tokugawa, waliokuwa na cheo cha shogun. Mfalme alikuwako, lakini alikaa Kyoto na hakuwa na amri. Mwaka 1625 mtawa mmoja wa dini ya Kibudha, jina lake Tenkai, aliyekuwa mshauri wa majemadari hao, alijenga juu ya kilima cha Ueno hekalu kubwa liitwalo Kan'ei-ji. Kilima kilichaguliwa kwa kuwa kiko kaskazini-mashariki ya ngome ya shogun, na Wajapani wa zamani waliamini kwamba mabaya yote huingia kwa upande huo. Chini ya kilima palikuwa na ziwa, Shinobazu, na humo kikafanywa kisiwa na juu yake hekalu dogo, ili pafanane na ziwa kubwa la Biwa lililo karibu na Kyoto. Tenkai akaleta na miti ya sakura kutoka milima ya Yoshino. Kwa hiyo maua yanayowavuta watu leo yalianza kupandwa na mtu wa dini katika uwanja wa dini. Katika mashogun 15 wa ukoo ule, sita wamezikwa hapo.

Utawala wa Tokugawa ulidumu zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, ukaanguka mwaka 1868. Shogun wa mwisho, Yoshinobu, alijifungia Kan'ei-ji kuonyesha kwamba hataki vita, kisha akaondoka. Wafuasi wake hawakukubali. Watu wapatao 2,000 waliojiita Shogitai walishika kilima wakaapa kufa hapo. Tarehe 4 Julai 1868 jeshi la serikali mpya likawashukia. Saigo aliongoza mashambulizi kwenye lango la mbele, lililoitwa Lango Jeusi, na mizinga mipya ikatupa makombora kutoka ng'ambo ya ziwa. Vita vilianza asubuhi, kufikia jioni vimekwisha. Sehemu kubwa ya Kan'ei-ji iliteketea, na maiti wa walioshindwa wakaachwa chini kwa siku kadhaa, maana watu waliogopa kuwagusa wasije wakahesabiwa pamoja nao. Lango Jeusi baadaye lilihamishiwa hekalu jingine mjini, na hadi leo lina matundu ya risasi.

Na yeye Saigo? Miaka tisa baadaye aliiasi serikali ile ile aliyoipigania, akashindwa, akafa mwaka 1877. Msamaha alipewa mwaka 1889 naye yuko kaburini. Pengine ndiyo sababu walimvika nguo za nyumbani badala ya sare ya jeshi.

Daktari wa Kiholanzi

Baada ya vita kilima kilibaki majivu mikononi mwa serikali, na serikali ilikuwa na mipango yake. Palikusudiwa kujengwa chuo cha udaktari na hospitali. Si jambo baya, hospitali ni rehema. Lakini mwaka 1870 akaja kutazama mahali hapo daktari wa Kiholanzi, Anthonius Bauduin, aliyekuwa akiwafundisha Wajapani utabibu tangu mwaka 1862. Yeye ndiye aliyetarajiwa kufurahi kuliko wote. Alipoiona miti mikubwa na ziwa chini yake, akawaambia wenyeji wake kwamba mahali kama hapo hapafai kukatwa. Katika miji ya Ulaya pangefanywa bustani ya watu wote, na hospitali ijengwe kwingine. Wakamsikiliza. Mwaka 1873 serikali ilitoa amri ya kuanzisha bustani za umma, na Ueno ikawa miongoni mwa zile za kwanza kabisa katika Japani. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1876.

Hebu fikiri, msomaji. Mganga anaambiwa atajengewa hospitali, naye anasema hapana, waachieni watu miti. Sisi tuliozoea kuona viwanja vya wazi vikizungushiwa mabati usiku na kuota maghorofa asubuhi twaweza kumwombea dua Mholanzi yule, ijapokuwa hakuwa wa dini yetu.

Wajapani nao hawakumsahau, ila shukrani yao ilikuwa na kichekesho. Mwaka 1973 walimsimamishia sanamu bustanini. Miaka ikapita, ikaja kutambulikana kwamba sura iliyochongwa si ya daktari bali ni ya ndugu yake, ambaye naye alipata kuishi Japani! Mchongaji alikuwa amepewa picha siyo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 ndugu alipokea heshima asiyoifanyia kazi, mpaka sanamu ikabadilishwa mwaka 2006.

Wakati ule Japani ilikuwa na haraka ya kujifunza mambo ya dunia, na Ueno ikawa ndiyo darasa. Mwaka 1877 palifanywa maonyesho makubwa ya viwanda na kazi za mikono, yakatazamwa na watu zaidi ya laki nne. Mwaka 1882 yakafunguliwa makumbusho pamoja na bustani ya wanyama, iliyo ya kwanza katika nchi hiyo. Hata mashindano ya farasi yalifanywa kuzunguka ziwa la Shinobazu tangu mwaka 1884, yakaachwa mwaka 1892.

Siku ya zilizala

Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, wanawake wakiwa jikoni wanapika chakula, ardhi ilitetemeka. Wazee wetu huliita zilizala, na wale walioisoma sura yenye jina hilo hawahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba za Tokyo zilikuwa za mbao na karatasi, majiko yanawaka, na upepo siku ile ulikuwa mkali. Moto ukala mji siku mbili. Katika Tokyo, Yokohama na miji ya jirani walikufa watu zaidi ya laki moja.

Waliookoka walikimbilia wapi? Penye uwazi. Mamia ya maelfu walipanda kilima cha Ueno na mizigo yao, vitanda, mikokoteni, vikongwe mgongoni. Stesheni iliyo chini ya kilima iliungua, lakini juu ya kilima watu walisalimika. Ndipo yule Saigo wa shaba akapata kazi mpya. Watu waliopotezana walibandika karatasi juu yake, miguuni, kiunoni, mpaka kifuani: fulani bin fulani anatafutwa, mama yako yuko mahali fulani. Ziko picha za siku zile, jemadari amefunikwa karatasi kama aliyevishwa kanzu ya viraka.

Hapo ndipo wakubwa wa Tokyo walipoona kwa macho faida ya ardhi isiyojengwa. Januari ya mwaka 1924, katika kusherehekea ndoa ya mwana wa Mfalme, Hirohito, nyumba ya kifalme iliyokuwa ikiimiliki Ueno iliutunukia mji wa Tokyo bustani hiyo. Jina lake rasmi hadi leo ni Ueno Onshi, maana yake Ueno iliyo zawadi ya Mfalme. Msomaji wa pwani hapa atakumbuka wakfu. Wakfu wenyewe una masharti yake ya sheria, na hii haikuwa ibada. Hata hivyo mali ilitoka mkononi mwa mtu mmoja ikawekwa kwa manufaa ya wote, na tangu hapo kila aliyetaka kuikata kipande alipata wa kumpinga.

Ndovu watatu

Nisingependa kukieleza kisa hiki, lakini mtu hawezi kuandika habari za Ueno akakiruka.

Mwaka 1943 Japani ilikuwa vitani, na vita vilikwisha kuwageukia. Mwezi wa Agosti mkuu wa mji wa Tokyo alitoa amri kwamba wanyama wakali wa Ueno wauawe, wasije wakatoroka mabomu yakianguka. Mabomu yenyewe yalikuwa bado hayajaanza kuanguka juu ya mji kwa wingi, na wako wanaosema kwamba kusudi hasa lilikuwa kuwazoeza raia na kafara. Simba, chui na dubu walipewa sumu.

Wakabaki ndovu watatu, John, Tonky na Wanri. Waliletewa viazi vyenye sumu. Ndovu ni mnyama mwerevu. Vizima walikula, vyenye sumu walivitupa. Wakajaribiwa kupigwa sindano, sindano zikavunjika juu ya ngozi. Basi ikaamuliwa wanyimwe chakula na maji. Walezi walijaribu kumwokoa Tonky kwa kumpeleka mji wa Sendai, ambako walikuwa tayari kumpokea, lakini mkuu wa mji akakataa. John alikufa mwezi huo huo wa Agosti. Wawili waliobaki, kila walipomwona mlezi akipita, walifanya michezo waliyofundishwa, wakanyanyua mkonga na kupiga magoti, kwa kuwa zamani wakifanya hivyo walikuwa wakipewa chakula. Mlezi gani angeweza kuyatazama hayo asitokwe na machozi?

Tarehe 4 Septemba walikuja wakubwa, watawa na watoto wa shule kufanya ibada ya kuwaombolezea wanyama waliokwisha kufa. Wanri na Tonky walikuwa wangali hai, wamefichwa nyuma ya pazia, karibu na waombolezaji. Wanri alikufa tarehe 11, Tonky tarehe 23. Dini yetu inatusimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Sitaongeza neno.

Vita vilipokwisha, watoto wa Tokyo waliokuwa hawajapata kumwona ndovu kwa macho yao walimwandikia barua Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India, wakimwomba mmoja. Mwaka 1949 Nehru akawapelekea ndovu jike, akampa jina la binti yake, Indira. Aliishi Ueno mpaka mwaka 1983.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliumwagia mji moto, na watu wapatao laki moja wakafa usiku mmoja. Maelfu ya maiti walizikwa kwa muda katika bustani ya Ueno, kwa kuwa makaburi hayakutosha. Amani ilipokuja, mayatima walilala katika njia za chini ya stesheni, na ziwa la Shinobazu likakaushwa na kulimwa mpunga, maana njaa haichagui pambo. Kisha wakatokea waliosema, kwa kuwa ziwa limekwisha kukaushwa, na lifukiwe pajengwe uwanja wa mchezo wa besiboli. Wenyeji walikataa katakata. Maji yakarudishwa, na mayungiyungi yangali yakiota humo. Mwezi wa Julai na Agosti hufunika sehemu nzima ya ziwa, na maua yake hufunguka asubuhi mapema.

Ya kutazama

Mtu anayetaka kuona vitu vya Ueno vyote ajipe siku tatu. Makumbusho ya Taifa yana panga, vyungu, nguo na maandiko ya Japani, pamoja na vitu vya Asia na hata maiti aliyehifadhiwa wa Misri. Hapo ndipo mwaka 1965 vilipoonyeshwa vitu vya Firauni Tutankhamun, na watu zaidi ya milioni moja wakapanga foleni. Makumbusho ya sanaa za Kizungu yaliyofunguliwa mwaka 1959 yamo katika jumba lililochorwa na Le Corbusier wa Ufaransa, na mwaka 2016 likaingizwa katika urithi wa dunia. Kwa ladha yangu ni sanduku la saruji, lakini wajuzi wanalisifu.

Bustani ya wanyama ilipata umaarufu mpya mwaka 1972, China ilipopeleka panda wawili, Kang Kang na Lan Lan, baada ya nchi hizo mbili kupatana. Foleni ya kuwatazama ilifika kilomita mbili. Humo humo ndani umesimama mnara wa mbao wa ghorofa tano uliojengwa mwaka 1639. Uliviponea vita vya mwaka 1868, zilizala na mabomu, na sasa uko jirani na wanyama.

Sisi masanamu hatuna haja nayo, ila moja lina habari ya kuchekesha. Palikuwa na sanamu kubwa la Buddha juu ya kilima. Zilizala ya mwaka 1923 ikaangusha kichwa, na wakati wa vita mwili ukayeyushwa kuwa chuma cha silaha. Umebaki uso tu, uliogandishwa ukutani. Basi wanafunzi humwendea kabla ya mitihani, kwa hoja kwamba aliyekwisha kuanguka namna hiyo hawezi kuanguka tena!

Na kuna sakura. Mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili miti yote hufura maua meupe yenye wekundu wa mbali, yakadumu wiki moja hivi, kisha yakamwagika. Watu hutandika maturubali chini ya miti wakala pamoja. Maofisi humtuma kijana mdogo kuliko wote tangu alfajiri akashike nafasi, akae peke yake juu ya turubali mpaka mabwana waje jioni. Mwislamu atakayekwenda wakati huo ajue kwamba pombe ya mchele hunywewa sana usiku. Asubuhi ndiyo saa njema, maua ni yale yale na watu wako timamu.

Ndugu zetu katika imani nao wana sura yao katika tarikhi ya Ueno. Vita vya Iran na Iraq vilipokwisha mwaka 1988, vijana wengi wa Kiirani walikwenda Japani kutafuta kazi, kwa kuwa siku hizo hawakuhitaji viza. Walifanya kazi za ujenzi na za viwanda vidogo, zile ambazo wenyeji hawakuzitaka. Siku za Jumapili walikutana Ueno kwa mamia, kuulizana habari za nyumbani na za vibarua, kula vyakula vyao, kuuziana kadi za simu. Baadhi ya wenyeji walinung'unika kwamba bustani imegeuka nchi ya kigeni, polisi wakazidi kupita, na Aprili 1992 ruhusa ya kuingia bila viza ikasimamishwa. Wengi walirudi kwao. Wengine walioa na kubaki. Leo katika mtaa wa Okachimachi, mwendo mfupi kutoka bustanini, kuna msikiti, na katika soko la Ameyoko lililo chini ya reli, ambalo lilianza kwa biashara ya magendo baada ya vita, mtu hupata nyama ya halali.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 biashara za Japani zilianguka, na wakapanda kilimani wakimbizi wengine, Wajapani wenyewe safari hii, vibarua wazee walioachishwa kazi. Chini ya miti yakatokea mamia ya vibanda vya maturubali ya buluu. Walivumiliwa, isipokuwa siku ambazo watu wa nyumba ya kifalme walikuja kutazama makumbusho. Siku hizo waliamriwa kubomoa, wapotee mpaka msafara upite, ndipo warudi. Mwandishi Yu Miri, mzaliwa wa Japani wa asili ya Korea, alitunga riwaya ya mzee mmoja wa namna hiyo mwaka 2014, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo kubwa Marekani mwaka 2020. Vibanda vimekwisha kuondolewa.

Bustani hufungwa saa tano usiku na kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Kengele ya zamani ya Kan'ei-ji, iliyowapa watu wa Edo saa zao kama sisi tunavyopewa na adhana, ingali ikipigwa kwa mkono saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Husikika mpaka kwenye ngazi za mawe, alipo Saigo na mbwa wake.